Usukani wa Waya na Maneno "Lete Nikushikie"

Enzi zetu usukani haukuuzwa dukani. Uliukunja mwenyewe kwa waya, ukakuchana viganja, na ukilia bibi alikupaka mafuta ya taa kwenye kidonda huku akisema, "Uliutafuta mwenyewe." Basi. Hapakuwa na pole wala plasta.

Naandika haya kwenye daftari langu nikiwa na hasira. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea herufi mnisahihishe. Ila hasira yenyewe sidhani kama nimeikosea. Nimekaa nayo tangu nina miaka kumi, na wiki iliyopita imepata mtoto.

Wenzangu mliokulia kijijini Busi mnaijua ile miteremko. Udongo mwekundu, mvua ikikatika unakuta maji yamechimba njia, na palipokuwa tambarare jana leo pana korongo. Wavulana walisukuma ringi, sisi wasichana tulicheza rede na mdako, na jua likipoa wote tukakutana kwenye kombolela. Mchana ulikuwa ugali wa uwele na mlenda. Ole wako ujipangusie mlenda kwenye gauni! Bibi alikuwa na macho ya mwewe. "Gauni si kitambaa cha jikoni, wewe!" Watoto wa leo wanakula chipsi kwa kijiti, hawajui hata mlenda unavyokataa kutoka vidoleni.

Lakini mimi rede ilinichosha upesi. Mimi nilipenda gari la waya.

Na msidhani gari la waya ni kuokota tu na kukunja. Lilikuwa na uchaguzi wake. Waya mwembamba wa kufungia mizigo ulifaa bodi. Magurudumu tulikata kwenye soli za ndala zilizokwisha. Waya mnene, ule uliobaki mafundi wakishamaliza nyumba ya mtu, huo uliutunza kwa ajili ya fimbo ya usukani: fimbo ndefu inayotoka kwenye magurudumu ya mbele ikapanda mpaka kifuani kwako, juu yake duara la usukani, ili ukimbie nyuma ya gari umesimama wima kama dereva wa lori.

Siri yote ilikuwa pale fimbo inapoungana na ekseli ya mbele. Pakilegea, unakata kona wewe kwanza, gari linafuata baadaye kama mtoto aliyetumwa dukani. Mafundi wa magari huko kulegea wanakuita plei. Mimi nilichana utepe wa tyubu ya baiskeli, nikaufunga pale, nikavuta kwa meno mpaka ukakaza. Plei ikabaki kidogo tu, upande wa kushoto. Nikajua: kona ya kushoto naianza mapema. Na ule waya ulikuwa unakusimulia njia. Gurudumu likigonga jiwe, kiganja kinajua kabla ya jicho.

Ikaja Idi. Alasiri watoto wakapanga mashindano, kutoka mbele ya msikiti kushuka mpaka korongoni. Nilisimama kwenye mstari na gari langu, kanga ya mama nimejifunga kiunoni. Kaka yangu Hamisi, aliyenizidi miaka mitatu, akaja akasimama mbele yangu akanyoosha mkono.

"Lete nikushikie."

"Unishikie nini?"

"Gari. Wewe simama pembeni utushangilie. Unataka kukimbia na wavulana, watu watasemaje?"

Mama alikuwa karibu na wanawake wenzake. Hakugombana. Alisema tu, kwa upole, "Mpe kaka yako, Mwaja."

Nikampa. Kwa mikono miwili, tena nikapiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa kumpa mkubwa kitu.

Hamisi aliondoka kama upepo, haki yake nimpe, miguu alikuwa nayo. Akafika ile kona ya kushoto akiwa wa kwanza, akakata pale pale jicho lilipomwambia, na gari likachelewa kama lilivyozoea, likaingia korongoni. Gurudumu moja hatukuliona tena. Akatoka amejaa vumbi, akaliinua gari juu ili wote walione, akasema, "Gari lenyewe bovu. Gari la kike!"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo ninapojichukia.

Na kwa kuwa nataka kuwa mkweli, niandike na hili: habari ya kushoto sikumwambia. Kama nilikosa nafasi au sikutaka, mpaka leo sijui.

Sasa njoo Miyuji, hapa Dodoma, ninapoishi na binti yangu Rukia. Yuko chuo hapa mjini, na chuoni kwao wana timu ya gemu la magari la kwenye kompyuta. Si yale ya kurukaruka na kuokota sarafu. Kwenye hili, gari linateleza kama gari kweli, tairi zikipata joto zinabadilika, ukikanyaga breki vibaya unageuka nyuma mbele. Rukia alikuwa analichezea kwa kile kidude cha mkononi chenye vibonyezo.

Siku moja akaniambia, "Mama, nahitaji pedi mpya. Ya zamani imechoka."

Nilishangaa mtoto kutumia pedi mpaka ichoke, lakini nikasema labda ndiyo lugha yao. Nikaenda dukani, nikachukua paketi, nikaifunga kwenye gazeti, nikaificha chini ya mtandio, nikampa bila kumtazama usoni. Rukia alifungua, akakaa chini sakafuni kwa kicheko. "Mama! Pedi ya gemu!" Kumbe kile kidude nacho wanakiita pedi. Enzi zetu kila kitu kilikuwa na jina lake.

Baada ya kucheka akanieleza shida yenyewe. Timu ilikuwa imebakiza nafasi moja. Majaribio Jumamosi ya wiki ya pili, kila mtu na chombo chake. Kwa pedi kidole kinasogea kidogo tu, gari linaruka upande. Walio mbele yake wote walikuwa na usukani na pedali. Na maneno yalishaanza chuoni, kwamba anazunguka ovyo kwenye kona kwa sababu ni msichana.

Hamisi akasikia. Ni dereva wa malori miaka yote hii, na kwa Rukia ni mjomba mwenye mkono mwepesi wa kutoa, hilo silifichi. Akasema usukani atanunua yeye, zawadi. Na kuchagua atachagua yeye. "Nimeshika usukani kabla mama yako hajajua kuvuka barabara."

Tukaenda wote watatu. Duka ni la mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Dodoma, mtu wa taratibu, miwani imening'inia kifuani. Aliweka mezani usukani wa aina mbili. Mmoja mkubwa, umevikwa ngozi, una taa nyekundu na gia ya pembeni. Mwingine mdogo, mweusi, mbaya wa sura. Hamisi akaushika ule wa taa palepale. "Huu ndio usukani. Ule mwingine kama mfuniko wa sufuria."

Yule mzee hakubishana. Akaniangalia mimi. "Dada, shika na wewe uone."

Nikashika. Ule mkubwa, katikati, ulienda kushoto kidogo bila kukutana na kitu. Kushoto! Halafu ukarudi wenyewe kwa springi, laini, hausemi neno. Ule mbaya akauwasha kwenye kompyuta yake, na nilipoukata ulinivuta viganja, ukatetemeka gari lilipopanda ukingo wa njia. Una mota ndani, akasema. Wenzangu, ulikuwa waya. Ulikuwa waya wangu wa Busi unanisimulia njia.

"Unaonaje, dada?" mzee akauliza.

Kinywa changu kikasema, "Mimi sijui. Kaka ndiye anayejua."

Niliulizwa. Hakuna aliyenipokonya safari hii. Niliulizwa, na jibu nilikuwa nalo mikononi, nikalitoa kwa mikono miwili.

Hamisi akalipia ule wa taa, na Rukia akaanza mazoezi. Kila kona ya kushoto anachelewa, anarekebisha, anazidisha, anazunguka. Breki nayo laini kama kukanyaga andazi, hajui nusu iko wapi. Na usukani ulibanwa mezani kwa vibano vya plastiki, akikata kona meza nayo inakata kona. Siku nane nilimtazama mtoto akijitukana. "Labda kweli mimi siwezi, Mama." Na mimi nakuna nazi. Nakuna nazi kwa hasira mpaka nikakuna kidole.

Alhamisi ikanishinda. Nikamwambia, "Lete bisibisi."

Akafungua kifuniko. Ndani ile fimbo ya plastiki ilikuwa inacheza kwenye nafasi yake, kushoto. Nikachana tyubu ya baiskeli, utepe mwembamba, tukaujaza pale. Nikakunja kipande kinene cha tyubu tukakiweka chini ya pedali ya breki, ili mguu ukutane na ukinzani. Rukia akaingia kwenye mipangilio ya gemu akafuta ile sehemu ya katikati, ambapo ukiugeuza usukani kidogo gemu lilikuwa halisikii. Meza tukaipigilia ukutani kwa ubao. Alipokaa tena alizunguka njia nzima bila kuteleza, akanigeukia macho yamemtoka. "Mama, umejifunza wapi?"

"Busi," nikasema.

Lakini ilikuwa Alhamisi. Tulikaza kilicholegea, ila usukani wenyewe ulikuwa bubu, na bubu hatukuweza kumpa sauti. Na siku mbili si siku kumi.

Jumamosi Rukia akawa wa pili. Nafasi ilikuwa moja, yeye wakamwandika wa akiba. Kijana aliyemshinda alimshinda kwa haki, na niandike pia kwamba ni mpole, aliniona akaniamkia, "Shikamoo mama," kwa adabu zote. Nikaitikia marahaba, macho yangu yako mezani kwake. Usukani mdogo, mweusi, mbaya wa sura. Mfuniko wa sufuria.

Njia nzima ya kurudi nilipiga hesabu. Ningesema neno moja dukani, moja tu, "Huu una plei," huenda mwanangu leo yuko kwenye timu. Huenda. Labda angeshindwa vilevile, sina hakika, na sitaki kujipa ushindi ambao haukuwapo. Lakini neno lilikuwa langu.

Jumapili Hamisi akaja kula. Nilipika ugali wa uwele na mlenda, kwa sababu hata nikiwa na hasira kaka ni kaka. Akala, akasema, "Usukani nilimchagulia mzuri. Mazoezi ndiyo hana."

"Kaka Hamisi, usukani ulikuwa na plei."

"Plei ya wapi?"

"Kushoto. Kama gari langu la waya, lile ulilolitia korongoni siku ya Idi ukasema ni la kike."

Akaacha tonge hewani. "Gari gani la waya?"

Nisimsingizie. Alifikiri kweli, akakuna kichwa, akatafuta. Hana. Kitu nilichokibeba miaka yote hiyo, yeye hakukibeba hata siku moja. Sijui nilitaka nini, labda akane. Mtu akikana, angalau anakumbuka.

Rukia akainuka kwenye kiti cha kompyuta. "Mama, hebu kaa wewe."

"Mimi? Nina mlenda mikononi."

"Kaa hivyohivyo."

Nikakaa. Kona ya kwanza nilitoka nje. Ya pili nilitoka nje. Ya tatu ilikuwa ya kushoto, nikaianza mapema kama kule Busi, na gari likapita. Hamisi nyuma yangu alikuwa hatulii, anapumua kama yeye ndiye anayeendesha. Mwisho akasimama, akanyoosha mkono juu ya bega langu.

"Siyo hivyo, Mwaja. Lete nikushikie."

Na vidole vyangu vikaanza kulegea. Vyenyewe! Mwanamke mzima, mama wa mtu, vidole vinaachia kabla sijaviruhusu. Hasira iliyonipanda hapo haikuwa ya Hamisi.

"Subiri zamu yako, kaka."

Akabaki na mkono hewani. "He!" akasema. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akasubiri. Nilizunguka mara tatu. Nilikuwa mbaya sana.

Enzi zetu zilikuwa tamu, sikatai. Natamani ule udongo mwekundu, harufu ya tyubu ikikatwa, mvuto wa waya kwenye kiganja. Vijana wa leo ndala ikikatika wanaitupa, na Rukia hapokei kitu kwa mikono miwili mpaka nimkumbushe. Lakini nimemchunguza: anachokipenda, hakitoi kwa mikono miwili pia. Nimemgombeza kwa hilo miaka mingi, na sasa sijui kama nilikuwa sahihi.

Sisi tulifundishwa kutoa kwa mikono miwili, tukafundishika vizuri sana. Kushika kwa mikono miwili hakuna aliyetufundisha. Mimi nimeanza Jumapili, mchana, usukani ukininata mlenda, na bibi hayupo wa kunigombeza.