Wiki ya Nakiru

Asubuhi ile Nakiru aliamka kabla ya mbuzi. Akawasha moto, akapika chai ya rangi, maana maziwa yalikuwa yameondoka na mifugo kwenda Loima. Epuyo, mumewe, akaonja.

"Sukari kidogo."

"Meno yenyewe yako wapi ya kulilia sukari?"

Epuyo akacheka kwa pua. Nakiru akamwambia boma la mbuzi limeachia upande wa laga, ule mto mkavu, fisi ataingia. Epuyo akasema kesho. Nakiru akavaa shanga zake, akafunga karatasi ndani ya leso, akafuatana na mwenzake Nakaale kwenda barabarani kutafuta gari la Lodwar. Hawakuagana. Mtu anayerudi kesho haagwi.

Ni hayo tu. Epuyo ameipekua asubuhi hiyo mara nyingi akitafuta neno kubwa. Hamna.

Nakiru hakuwa mtu wa cheo. Hakusoma, jina lake aliliweka kwa kidole gumba. Lakini kuna dispensari kijijini kwao, nusu siku kwa miguu kutoka barabara ya Kakuma. Ilijengwa, ikapakwa rangi, ikapigwa kufuli. Nesi hakuletwa. Wanawake wawili walijifungulia kwenye kivuli cha ukuta wake, mlango umefungwa.

Walipouliza Lodwar, wakaambiwa: tutakuja kuona kama kuna watu. Gari likaja mwezi wa kiangazi. Nao watu walikuwa wamefanya kile wanachofanya tangu babu zao. Nyasi zilipoisha walikusanya mifugo, wakaelekea upande wa Namoruputh. Hakuna aliyefikiri kumwacha mtu nyuma ili aonekane. Gari likakuta miiba na majivu baridi. Likaandika: hapa hakuna watu.

Wanawake walikasirika sana. Wakaapa hawatahama tena. Arobaini wote wakakaa mlangoni pa dispensari, wakaimba, wakatukana ofisi. Wiki ya tatu watoto wakakosa maziwa. Wakaanza kutukanana wenyewe. Wiki ya nne hakubaki mtu.

Siku kadhaa baadaye Nakiru akawauliza wenzake, "Tukichimba kisima kwenye laga, aliye chini anakaa mpaka lini?"

Wakamwambia, mpaka mikono inapokaribia kufa ganzi. Halafu anapanda, mwingine anashuka.

"Basi. Kwa nini hapa tumeshuka wote?"

Wakajenga kibanda kimoja cha majani ya mkoma mbele ya kufuli. Wiki moja, mwanamke mmoja. Kazi yake ni kuweka moto usizime na kuwa pale. Wengine wakaenda na mifugo yao, wakasuka vikapu vyao, wakalea. Kulikuwa na sharti moja: aliyechoka aseme, na asichekwe. Kila mwezi wawili walipeleka Lodwar karatasi ya vidole gumba. Mwishowe ofisa mmoja, Aukot, akawapa neno lake. Atapita mara tatu kabla ya mvua, bila kusema lini. Akikuta mtu mara zote tatu, ataomba nesi. Akikosa mara moja, wanaanza upya.

Alikuwa ameshapita mara mbili.

Wanaume waliwaita wake za kufuli. Lokiru, rika la Epuyo, ndiye aliyeanza. "Leo mke wako analala kwa bwana yake?" alikuwa akiuliza kila wiki ya Nakiru ilipofika. Epuyo hakumkatalia mkewe. Hakumsaidia pia. Alikaa juu ya kigoda chake, akatazama.

Safari ile ya Lodwar Nakiru na Nakaale walimaliza mambo ya ofisi, wakalala Nawoitorong kwa dada ya Nakaale. Asubuhi Nakiru aliinama kuvaa kandambili, hakuinuka. Daktari alisema ni mshipa wa kichwa uliopasuka. Akasema hata wangekuwa na manesi kumi kule kijijini, isingesaidia. Epuyo alifurahi kusikia hivyo. Baadaye hakufurahi.

Wakamleta, wakamzika.

Kesho yake Nakaale akaja, akamsalimu. "Ejok, mzee."

"Ejok."

Akakaa chini. "Wiki hii ni ya Nakiru."

"Nakiru hayuko."

"Najua. Mimi yangu nilimaliza kabla ya safari, na aliyenipokea alimaliza jana, akafuata mifugo. Wengine wako Loima, wa karibu atafika baada ya siku nne. Na mtoto wangu anachemka, nampeleka Kakuma sasa hivi."

"Mimi si mwanamke."

"Ofisa haandiki mwanamke, mzee. Anaandika mtu."

Akaondoka.

Mzee wa Turkana hagusi mafiga ya mke. Hiyo Epuyo hakuhitaji kufundishwa. Akakaa. Jua likapanda. Akatazama upande wa dispensari, akaona hakuna moshi. Akatazama tena. Hapo ndipo alipojua kwamba tangu kibanda kijengwe amekuwa akiutazama moshi ule kila siku, akijua Nakiru yuko, au atakuwepo.

Alichukua kigoda na fimbo, akaenda.

Kuni zilikuwa zimeisha. Alikata miti ya mathenge iliyokuwa karibu, mibichi, akairundika juu ya makaa aliyobeba kutoka nyumbani. Haikuwaka. Ilitoa moshi mzito wa manjano, ukajaa kibanda, ukatoka kila upande. Epuyo akatambaa nje machozi yakimtiririka. Ilikuwa mara ya kwanza kulia tangu Nakiru afe, na hakujua ni moshi au ni nini.

Lokiru akaja mbio na debe la maji. "Nani anaungua?"

"Hakuna."

Lokiru akamtazama Epuyo, uso wake wote majivu. Akatazama mafiga. Akaweka debe chini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kufuli limeoa mzee! Sasa wewe ni mke wa ngapi?"

"Cheka ukimaliza uende."

Lokiru hakwenda. Alimaliza kucheka, akakohoa. "Nakiru alikuwa anachoma mathenge mbichi?"

"Sijui alichoma nini. Sikuwahi kuuliza."

Lokiru akainama, akavuta vijiti vibichi kimoja kimoja, akavitupa nje. Akaenda laga, akarudi na kuni kavu begani. Alipiga magoti kwa shida, akapuliza. Mzee na mzee, mafiga katikati yao. "Usimwambie mtu," akasema.

Siku hiyo gari halikuja. Wala ya pili. Epuyo alijipikia uji, ukaungua, akaula hivyo hivyo. Alijifunza kufunika makaa na majivu yasife. Mgongo ulimuuma. Alitaka kuondoka saa zote.

Siku ya tatu, jua la saa tano, gari likasimama. Aukot akashuka na faili yake. Akaona moshi, akaona mzee.

"Mama Nakiru yuko? Aliniambia wiki hii ni yake."

"Ni yake. Amekufa. Mimi ni bwana yake."

Kijana akavua kofia. Alikaa chini kwenye mchanga, na suruali yake safi vile vile. Baadaye akafungua faili, akaandika, akageuza karatasi ili Epuyo aone, ingawa Epuyo hasomi.

"Nimeandika mtu yuko. Mara ya tatu. Barua ya nesi natuma leo."

Epuyo akatikisa kichwa kukubali. Alitia kijiti motoni. "Siku ile ofisini kwako alisema nini?"

"Alisema mengi, mzee."

"La mwisho."

Aukot akafikiri. "Nilimtania. Nikamwuliza, mama, nyinyi mtachoka lini?"

"Akasemaje? Sema kama alivyosema. Usiongeze."

"Alisema: 'Tulichoka kitambo, mwanangu, unafikiri kwa nini tunakaa kwa zamu? Andika hapo kwamba nimekuja.'"