Mateke ya Upande wa Kushoto

Punda wetu alianza kumpiga mateke mume wangu, na mimi hakunigusa hata siku moja. Ndiye aliyetuvutia maji kutoka mtoni hadi kibanda chetu cha chai na chapati pale soko la Custom, hapa Juba. Mume wangu alimnunua, akamlisha, akamkanda miguu alipochechemea. Sasa haya yalitoka wapi?

"Asante ya punda ni mateke," mume wangu alisema, akipapasa paja lililovimba. Yeye ni mtu wa maneno machache, na kwake hayo yalikuwa hotuba. Akaongeza kwamba atamuuza. Lakini bila punda hakuna maji, na bila maji hakuna kibanda.

Jirani yangu Mganda, muuza ndizi, hakuona fumbo lolote. "Mama, hii punda iko na shetani. Uza yeye, khalas, mambo kwisha!"

Nikaanza kumchunguza huyo shetani. Kabla ya teke alilaza masikio nyuma, mkia ukachapa huku na huku. Nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba hizo ni dalili za mnyama aliyeogopa. Lakini amwogope nani, mtu aliyemlea? Nilizidi kuchanganyikiwa, hata nikajishuku mimi na maganda ya viazi ninayomlisha, labda nimemdekeza hadi akamkataa bwana wake.

Kisha nikaona nzi ametua kwenye jicho lake la kushoto, na jicho halikupepesa. Nikapunga kitambaa mbele yake. Wapi! Mume wangu humfunga mkokoteni akitokea kushoto, mimi humlisha kulia. Maskini, alikuwa akishikwa ghafla na mtu asiyemwona.

"Ongea kabla hujamfikia," nilimwambia mume wangu. "Ajue ni wewe."

Nilidhani atafurahi. Aliniangalia tu, akaitikia kwa kichwa.

Mateke yakaisha. Sasa kila asubuhi nikikanda unga namsikia nje akipiga soga na punda, soga ambazo mimi mkewe sijawahi kuzipata. Mara nacheka, mara naona wivu, sijielewi.

Jana alikuwa akifunga kamba za mkokoteni. "We mjinga," alimwambia polepole, "si ungeendelea tu kunipiga? Ningekuuza, turudi kwetu Kenya. Mimi nimeichoka Juba."

Nilisikia kila neno, mikono ikiwa kwenye unga. Akaingia, akaketi, akaomba chai. Nilimmiminia, nikaketi kando yake, nikamwambia, "Hata mimi niambie hayo ya Kenya."