Glukosi za Kumjulia Hali Hashimu

Biashara huria iliporuhusiwa, Hashimu ndiye aliyetangulia kijijini kwao, juu ya Lushoto, kupeleka karoti Dar kwa Fuso la kukodi. Akizisifia karoti zake, ungedhani anaoza binti. Huko Dar akakutwa na virusi vya homa ya ini, akaanzishiwa sindano kali za kuvipiga, kisha akarudi nyumbani.

Sasa milimani kwao, mgonjwa wa ini dawa yake glukosi. Kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na pakiti. Na Hashimu, kwa kiu iliyomshika, alizikoroga na kuzimaliza.

"Baba Asha, ndoo nzima!" Mkewe, Mwanahamisi, alishika kiuno. "Wewe mtu au ng'ombe?"

"Ng'ombe ana nyama. Mimi hata suruali imenikataa."

Asubuhi ya siku ya gulio, Mwanahamisi alikwenda nyuma ya nyumba, pale mumewe alipokojoa usiku. Sisimizi! Wamejaa kama wamealikwa shughuli. Tangu lini sisimizi wakafuata homa? Hiyo ni sukari!

Akakimbilia ndani. Hashimu anahema kama aliyepanda mlima, ukimwita haitiki.

Barabarani dereva Selemani alikuwa anapakia kabichi kwenye Fuso.

"Selemani, shusha!"

"Shemeji, kabichi za watu hizi!"

"Na huyu ndani ni wa nani? Shusha!"

Kabichi zikaporomoka bondeni, Hashimu akapakiwa, Fuso likashuka kona zile likipiga honi mpaka hospitali. Daktari Bertha akamtoboa kidole. Sukari ilipita hata uwezo wa kipimo.

"Alikuwa anakunywa nini?"

"Glukosi, daktari. Kwa ajili ya ini."

Daktari akashika kichwa, huku dripu na insulini vikiingia. "Mama, zile sindano za Dar huamsha kinga ya mwili ipigane na virusi. Mara chache inapitiliza, inashambulia kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini. Ni kama vibarua umewaita kupalilia, wakang'oa magugu na karoti. Na ninyi mkamwagia sukari juu yake."

"Atapona?"

"Akiamka, ataishi kwa insulini. Kwanza aamke."

Mwanahamisi hakubandua macho kitandani. Kesho yake asubuhi midomo ikacheza.

"Mama Asha... nani kang'oa karoti zangu?"

Vigelegele! Wodi nzima ikaruka.

"Mama, hapa hospitali!" nesi akafoka.

"Niache, sista! Mume wangu anagomba!"

Mlangoni akatokea Selemani, kachoka, uso wa huruma, mkononi pakiti ya glukosi. Mwanahamisi akavua kandambili.