Nilivyomwagiza Babu wa Watu Maji ya Barafu

Naona mmeshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, haya chekeni, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile nikiwa peke yangu chumbani huwa najifunika uso kwa mto. Nakiri mbele yenu kwamba mimi, Erasto, niliyelelewa Muheza na mama mwalimu wa shule ya msingi (heshima nilifundishwa kwa fimbo, siyo kwa maneno), niliwahi kumpungia mkono babu wa watu, kwenye sherehe ya mjukuu wake mwenyewe, nikamwagiza aniletee maji ya barafu, tena nikaongeza, "Usichelewe, nina wageni."

Ilikuwa miaka ya tisini, nasoma chuo huko Minneapolis, nakaa kwenye yale maghorofa ya Cedar-Riverside na Mkenya mmoja anaitwa Njoroge. Majira ya baridi ya kwanza yalinikondesha siyo kwa sababu ya theluji, bali kwa chakula cha bwalo la chuo, kuku hana chumvi, viazi havina chumvi, hata chumvi yenyewe nilihisi haina chumvi. Basi siku moja mwenzangu wa darasani akanivusha mto mpaka Saint Paul, barabara ya University, akaniingiza kwenye kimgahawa cha mama mmoja wa Kivietinamu, nikaletewa bakuli la ile supu yao ya tambi wanayoiita pho, ina mdalasini, ina iliki, ina tangawizi iliyochomwa, ina ndimu ya kukamulia mwenyewe, nikanywa kijiko kimoja nikalia (kweli nililia, na pilipili nilikuwa bado sijaigusa).

Tangu hapo sikushikika. Kila Jumamosi napanda basi, nashuka kituo tofauti, nasukuma mlango nisioujua. Leo nakula mchuzi wa nazi wa Kithai wenye mchaichai, wiki ijayo nakula samaki wa Kikambodia aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, wiki nyingine niko kwa Wahmong, watu wa milima ya Laosi waliohamia Saint Paul kwa wingi baada ya vita, nakula wali wa kunata kwa vidole na saladi ya papai bichi inayotwangwa kwenye kinu, kinu kabisa na mchi wake, kama cha nyumbani. Nazi, ndimu, mihogo, majani ya viazi, vyote vipo! Nilijiona nimegundua nchi mpya peke yangu. Na kama ujuavyo mtu akigundua nchi, hatulii, kila anayekutana naye lazima amhubirie, kwa hiyo mimi nikawa profesa wa chakula cha Asia pale Cedar, nawasahihisha watu jinsi ya kushika vijiti wakati mimi mwenyewe tambi zinanidondokea shatini.

Sasa kulikuwa na Neema. Neema alikuwa anasomea uuguzi, na nilikuwa nampenda hadi nasahau kula, jambo ambalo kwangu mimi mnaelewa uzito wake. Yeye alikuwa anaishi Blaine kwa mjomba wake, Mzee Shayo, aliyemleta Marekani na kumsimamia kama baba mzazi. Mzee Shayo alifanya kazi ya kupiga picha za eksrei hospitalini, na nakwambia macho yake yalikuwa na tabia ileile hata akiwa nje ya kazi, akikutazama unahisi ameziona mbavu. Siku moja Neema akaniambia, "Mjomba anataka kukuona. Njoo nyumbani Jumamosi, shangazi atapika pilau."

Mtu mwenye akili angekwenda kula pilau. Mimi nikasema hapana, mwambie Mzee mimi ndiye nitakayewakaribisha, nitawapeleka mgahawani kwangu. Kwangu! Yule mama wa Kivietinamu hata jina langu alikuwa hajui.

Asubuhi ya siku yenyewe Njoroge ananitazama napiga pasi tai, akaniambia, "Buda, si upige simu kwanza u-confirm wako open?" Nikamwambia kwenye mgahawa wangu sipigi simu. Kumbukeni hilo neno, maana ndiko yote yalikoanzia.

Tukafika na gari la Mzee Shayo, Mzee na suti, Mama Shayo na kitenge chini ya koti kubwa, Neema na gauni la bluu, theluji ya mwisho inayeyuka njiani imekuwa tope. Nikatangulia kwa madaha, kufika mlangoni nakuta karatasi: wamefunga, mwenye mgahawa amekwenda kwenye harusi California. Hapo, ndugu zangu, ilikuwa ni sentensi moja tu, "Baba, pamefungwa, tukale pilau," yakaisha. Badala yake nikaisogelea ile karatasi nikaifunika kwa mgongo wangu, macho yanatafuta pa kukimbilia, na hatua chache mbele nikaona jengo la matofali, mlango wazi, watu wanaingia na masufuria, harufu ya tangawizi na nyama inafuka mpaka barabarani.

"Siku hizi mlango wa kuingilia ni ule pale," nikasema.

Tukaingia. Ukumbi mkubwa, meza ndefu zimetandikwa plastiki, familia zimejaa, akina mama wengine wamevaa nguo nyeusi zenye darizi za rangi na sarafu za fedha zinazolialia. Wote wakageuka kututazama. Nikawajua mara moja kuwa ni Wahmong, wala sikushtuka, nikaona ni bahati. Kijana mmoja mlangoni akatushika mikono kwa mikono miwili, akainama kidogo, akatupeleka mpaka meza ya mbele kabisa.

"Unaona, Baba," nikamnong'oneza Mzee Shayo, "hapa wananijua."

Mama Shayo akauliza menyu iko wapi. Nikamwambia migahawa ya kweli ya Kihmong haina menyu, wanaleta wenyewe, na kweli vyakula vikaanza kuja: kuku wa kuchemsha na majani yenye harufu, nguruwe na mboga, nyama ya kusagwa iliyochanganywa na mnanaa na giligilani, wali wa kunata. Mimi naeleza kila sahani kwa sauti ya mwongoza watalii. Ndipo akapita mzee mmoja, shati jeupe, kizibao cheusi, mkononi trei ya vikombe. Nikampungia mkono, nikamwagiza yale maji niliyowaambia. Mzee akatabasamu, akaondoka, akarudi na maji. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba hayana barafu. Akatabasamu tena, akakaa kitambo, akarudi na bakuli zima la barafu (baadaye niliambiwa aliifuata duka la jirani). Kisha Mama Shayo akasema taratibu kwamba supu yake ya kuku imepoa kidogo, mimi nikamwita yule mzee mara ya tatu, akaibeba akaipasha.

"Huduma nzuri," akasema Mzee Shayo, na nilipoona ametikisa kichwa kwa kuridhika, kichwa changu mimi kikavimba.

Neema peke yake ndiye aliyekuwa hatulii. "Erasto, mbona hakuna anayelipa?"

"Watalipa wakitoka," nikasema, nikainuka kwenda kona ya ukumbi alikokaa bibi mmoja anatwanga saladi ya papai. Bibi akanionyesha pilipili mbili kwa vidole, yaani zinatosha? Nikatikisa kichwa, ongeza. Akatia ya tatu. Ongeza, mimi mtu wa Tanga! Bibi akawatazama wenzake, wakacheka, akatia kiganja kizima. Nikarudi na sahani yangu mbele ya wakwe, nikajaza mdomo.

Ile pilipili haikuwa pilipili ya Tanga. Masikio yalianza kuvuma, machozi yakatoka, kamasi nazo, kisha ikanishika kwikwi, tena siyo ya kawaida, ile inayokuinua kwenye kiti. Nimeshika barafu mdomoni najifuta kwa tai, ndipo Neema akanigusa bega.

"Erasto. Mhudumu wako ameshika maikrofoni."

Nikainua macho. Yule mzee wa kizibao amesimama mbele, ukumbi mzima umemgeukia.

"Na amebeba mtoto," Neema akamalizia.

Mzee alizungumza kwa Kihmong, kwa upole, na pembeni yake binti mmoja mwanafunzi akawa anatafsiri kwa Kiingereza, na alikuwa anatutazama sisi. Akasema babu yake anawashukuru wote waliokuja kumkaribisha mjukuu wake duniani, leo wanaiita roho yake ikae vizuri mwilini na wanampa jina, na kwamba babu amefurahi mno kuona wageni kutoka Afrika kwenye sherehe ya familia, angependa tu kujua ni nani katika ukoo aliyewaalika, ili amshukuru.

Nilihisi Mzee Shayo anageuza shingo taratibu kunitazama. Zile mbavu zangu zote aliziona.

Mngekuwa nyinyi mngekiri. Mimi nikasimama nikasema, "Nafanya kazi na, hik, baba wa mtoto."

Meza ya pili kijana mmoja akasimama, mpole tu, uso umejaa mshangao. "Na mimi?" akauliza. "Idara gani?"

"Ile ya, hik, ile ya zamu ya usiku."

"Sijawahi kufanya zamu ya usiku."

Basi nikashindwa. Nikakiri kila kitu palepale, kwa kwikwi, mgahawa uliofungwa, karatasi niliyoifunika, wakwe, kila kitu, nikasema nilidhani hapa ni mgahawa, na nikamwomba radhi babu kwa kumfanya mtumishi siku ya mjukuu wake. Binti akawa anatafsiri sentensi kwa sentensi na ukumbi haukohoi. Nilipomaliza, babu akamnong'oneza binti kitu. Binti akajitahidi asicheke, akasema:

"Babu anauliza kama barafu ilitosha."

Jamani, ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, yule bibi wa papai alicheka mpaka akashika mchi asianguke. Lakini mimi sikucheka, nilitamani sakafu ifunguke, na ndipo Mzee Shayo akainuka, akafunga kifungo cha koti, nikajua sasa ananikana mbele ya watu.

"Mimi naitwa Shayo," akasema. "Huyu kijana ni wangu. Amekosa, na akikosa yeye nimekosa mimi. Tunaomba mtusamehe, na kama mnaruhusu, mke wangu ni mkunga, amezalisha watoto wengi, angependa kumbariki na huyu."

Babu hakungoja tafsiri iishe, akaja mwenyewe akamweka mtoto mikononi mwa Mama Shayo, naye akaanza kumwimbia kwa Kichaga kama vile alikuwa anamsubiri. Wakatuzunguka, mmoja mmoja, wakawa wanatufunga nyuzi nyeupe mkononi, kila mtu anasema maneno ya heri anapofunga. Babu alipofika kwangu akafunga taratibu, akanipiga kofi dogo la shavuni kama mjukuu mtundu. Tuliondoka na mifuko ya chakula ambayo hatukuweza kuikataa.

Tukaingia garini, tukavuka mto. Mzee Shayo akanitazama kwenye kioo.

"Umetudanganya mara ngapi leo?"

Nikahesabu kimoyomoyo. "Nne, Baba. Na ile ya zamu ya usiku, tano."

"Nimeshasema wewe ni wangu mbele ya ukumbi mzima, siwezi kurudi kuwaambia nilikuwa natania." Akapunguza mwendo. "Lakini Neema akikuuliza neno, kubwa au dogo, mwambie kama lilivyo. Chakula tunaweza kula popote."

Neema alikuwa anatazama dirishani, mabega yanamtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka hajiwezi, akanishika mkono wenye nyuzi na hakuuachia mpaka Cedar.

Tumeoana, mnajua, na kwenye harusi yetu Mzee Shayo alikisimulia kisa hiki chote kwenye maikrofoni, na kwikwi akaiigiza. Mimi nilichojifunza ni hiki tu: aibu ya kusema "sijui" ni ya dakika moja, ya kujifanya unajua inakufuata mpaka ukumbini kwenye harusi yako mwenyewe. Kula bado nakula, milango nisiyoijua bado naisukuma, lakini nimeapa, nikifika mahali nikakuta meza zimetandikwa na chakula kinanukia, sikai kwanza. Nasimama mlangoni kama mtoto, nauliza, samahani jamani, hapa ni kwa nani?