Sponji ya Mahameli

Mtaa mzima ulimwita Mahameli, maana hakuna kiti cha gari kilichopita mikononi mwake kikatoka kigumu. Alianza kazi enzi ambazo fundi alikuwa fundi, si hawa wa leo wanaopaka gundi, wakavuta kitambaa, wakakuomba radhi kikibanduka. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja tu: cherehani ya miguu, meza iliyochanjwa na mikasi, na sponji zilizopangwa ukutani hadi darini.

Mwalimu wake alijaza viti kwa nyuzi za makumbi ya nazi, akizishindilia kwa ngumi. Sponji ilipoingia, mzee yule aliibonyeza kwa kidole gumba, akaitazama ikirudi, akasema, "Hii ni mwongo. Ukiikalia inanywea. Usifunge kitu juu yake ukadhani kimekaza." Mahameli aliwarudia wanafunzi wake maneno hayo miaka thelathini, mpaka wanafunzi wakaisha. Siku hizi watu hununua vifuniko vya viti vilivyoshonwa na mashine, na mlangoni pake lililopiga hodi ni vumbi peke yake.

Binti yake wa mwisho alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Huko alikuwa na programu ndani ya simu ya kuwafundisha wazazi namna ya kumfunga mtoto kwenye kiti chake cha gari. Alimwomba baba yake aitazame, kwa kuwa kila Ijumaa yeye ndiye aliyemwendesha binti na mtoto wake mchanga kutoka kliniki kurudi nyumbani. Mahameli akamjibu kwamba alilea watoto saba bila simu, na wote wana shingo zao. Zamani mtoto alipakatwa, na dereva aliyebeba mtoto alijua amebeba mtoto. Binti akairudisha simu mfukoni, kama mtoto aliyefunzwa adabu.

Kiti chenyewe kililetwa nyumbani siku moja, kigumu kama benchi la mahakama. Babu mtu akamwonea mjukuu wake huruma. Binti akiwa kazini, alikivalisha sponji nene chini na mgongoni, mikanda ikapita juu yake, kisha mahameli ya rangi ya zambarau, mshono mara mbili. Binti aliporudi na uchovu wake alisema tu ni kizuri, akaenda kulala. Jirani, mama wa mapacha, alipokiona alitaka viwili. Mwingine akataka, na mwingine. Vilifika vinane, ukiacha cha mjukuu, na cherehani ikasikika tena mtaani. Mzee alianza kutembea kifua mbele.

Ijumaa ile baiskeli iliyobeba kreti za soda ilikatiza mbele yao. Mahameli alikanyaga breki, na mwendo haukuwa hata wa kumtisha kuku. Mtoto akateleza chini ya mikanda, mkanda ukamkamata shingoni. Alilia, akatulia, akabaki na alama nyekundu. Binti, aliyekaa kando ya mtoto, alimshikilia kwa mikono yake njia yote.

Walipofika uani binti alijaribu kuushika mkanda begani mwa mtoto kwa vidole viwili, kama mtu anayefinya shavu. Mkanda uliokaza haufinyiki; huu ulikunjika kama kanga.

"Baba, njoo uone kitu."

"Simu yako haijashona hata kishikizo."

"Usiniangalie mimi. Angalia picha."

Ndani ya simu palikuwa na viti viwili na wanasesere wawili, kiti kimoja bila matandiko, kimoja kimetandikwa sponji. Gari likagonga ukuta polepole. Sauti ndani ya simu ilieleza mengi, naye hakusikia hata moja. Aliiona sponji ikinywea. Ilibaki bapa kama chapati, mkanda ukabaki umelegea juu yake, mwanasesere akachomoka. Hakufundishwa jambo geni. Alionyeshwa neno la mwalimu wake, na alilionyeshwa na kitu alichokitukana. Zamani mtu aliumbuliwa na mkubwa wake. Yeye aliumbuliwa na kioo cha kiganja, mbele ya mwanawe.

"Vingine ni vingapi, Baba?"

"Vichache." Akahesabu kwa vidole. "Vinane."

Binti alisema atawapigia wenyewe. Mahameli alitikisa kichwa, akachukua mkasi na gunia.

Mama wa mapacha alikuwa akiosha gari mlangoni. Alimwamkia, akamtania kwamba kama amekuja kuongeza godoro, basi safari hii apimwe yeye. Mzee akacheka kicheko kikavu, akadanganya kuwa kuna mshono anataka kuurekebisha. Akaingiza kichwa garini, akaanza kukata.

"Mshono gani huo, babu? Mbona unachana chote?"

Mkasi ulisimama. Angeweza kuendelea na uongo wake.

"Nilikosea, mama. Sponji inanywea, mkanda unalegea. Nilijua kabla hujazaliwa, na bado nikawawekea wanao."

Mama yule alitazama viti, kisha barabara, kisha mikono ya mzee. Hakufoka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba jana alipita nao barabara kuu, kwenye malori. Akawabeba mapacha wake kutoka mkekani kibarazani, akaingia nao ndani, akafunga mlango taratibu, na utaratibu ule ulimchoma mzee kuliko tusi.

Akabaki peke yake na nyuzi zake. Alichana mahameli, akang'oa sponji, akavuta mikanda, akaifinya kwa vidole viwili. Vidole viliteleza, havikupata cha kushika.

Mlango ukafunguka. Mama alisimama na simu mkononi.

"Hiyo programu ya binti yako, babu, naipataje?"

Mahameli aliangalia chini, kwenye gunia lililojaa.

"Sijui, mama. Aliniomba niitazame, nikakataa. Muulize yeye."

Akajitwika gunia, akaenda nyumba ya pili.