Pampu Mbili za Oili

Kazi yangu ni kupika pilau za harusi. Tangu nifiwe na mume, kazi hiyo ndiyo iliyosomesha wanangu, na kwa miaka mingi nilibeba masufuria kwa bajaji za kukodi. Ndiyo maana nilipokabidhiwa gari langu la mtumba hapa Shinyanga mjini, lenye nafasi pana ya mizigo nyuma, nilitoa machozi mbele ya muuzaji bila aibu.

Hata masika yale hayakuisha kabla gari halijanitia aibu. Jumamosi moja tulikuwa tunapeleka chakula cha harusi Mhunze, mimi na shoga yangu ninayepika naye. Tulikuwa tumeshaiacha Kolandoto nyuma, pilau linanukia gari zima, taa nyekundu ya oili ikawaka. Kabla sijaegesha, injini ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga kinu kitupu, kisha ikazima. Nikachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa tele, tena safi.

"Sasa imekufa kwa nini?" shoga yangu akauliza.

"Ukiniuliza mimi, mimi nimuulize nani?" nilimjibu vibaya.

Tuliokolewa na pikapu ya magunia ya choroko. Tukakaa juu ya magunia tumekumbatia masufuria, na tulipofika, baadhi ya wageni walikuwa wameshaanza kuaga. Baba wa bwana harusi hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Mama, tulikuamini." Afadhali angenitukana.

Gari likavutwa hadi gereji. Fundi wangu, mtu mzima wa Kishapu, alifungua injini, akanifuata akijifuta mikono, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, imenoki, vyuma vya ndani vimesagana. Pampu ya oili haisukumi. Injini za aina hii ndivyo zilivyo, pampu zake zina kasoro tangu kiwandani."

"Ndivyo zilivyo? Na wewe si ndiye uliyenikagulia kabla sijanunua?"

"Niliisikiliza ikiunguruma, ikawa nzuri. Pampu iko ndani, mayu. Huioni mpaka ufungue."

Nilichukia zaidi nilipogundua kwamba kila mtu alijua. Nikimsimulia jirani, "Aa, zile! Zinasumbua pampu." Nikimsimulia dereva wa teksi, hivyo hivyo. Siku ya kununua walinipongeza wote.

Nikalipa. Krenki ikachongwa, beringi zikawekwa mpya, na pampu mpya kutoka dukani, boksi halijafunguliwa. Sikumaliza hata wiki. Nikiwa njiani kwenda Tinde kununua mchele, taa ile ikawaka tena. Safari hii nilizima injini papo hapo, nikakaa ndani ya gari nikipiga usukani kwa kiganja hadi kikauma.

Gari likavutwa tena gereji, fundi akaitoa pampu, tukaenda nayo dukani.

"Spea ikishafungwa hairudishwi," mwenye duka akasema hata kabla hatujasalimiana vizuri.

Fundi akaiweka juu ya kaunta, akabonyeza vali yake ndogo kwa msumari. Ikaingia, isirudi. "Ikinasa hivi haisukumi oili. Fungua boksi jingine tuone."

"Sifungui mali ya watu bure."

Nikavuta benchi, nikakaa. Kila mteja aliyeingia nilimwamkia, nikamwonyesha ile pampu, nikamweleza ilivyonifanya. Wawili wakatoka bila kununua. Mwenye duka akachana boksi la pili kwa hasira, akabonyeza mwenyewe. Vali ikanasa vilevile. Akanirudishia hela ya pampu.

"Na kazi ya fundi? Na beringi? Na kuvutwa kutoka njia ya Tinde?"

"Hayo, mama, si yangu."

Nilipiga kelele. Nilisema mambo ambayo mjane wa umri wangu hapaswi kuyasema hadharani. Hayakubadilisha kitu.

Fundi akanishauri niachane na injini ile kabisa, nifunge ya aina nyingine, ya mtumba pia, iliyopatikana Kahama. Nilikuwa nimenunua mabati ya kuezekea jiko langu la biashara. Nikayauza yote.

Sasa gari linatembea. Mvua ikinyesha tunapika chini ya turubai linalovuja, shoga yangu akishika mwavuli juu ya sufuria huku mimi nageuza wali. Kutoka Mhunze hawajanipigia tena. Watu wananiambia nishukuru Mungu limepona. Nashukuru. Lakini hasira haijanitoka, na kila anayenisifia gari namwambia ukweli wake wote, apende asipende.