Kura Pekee ya Queensbury

Katika watu wote waliobishana sebuleni kwangu msimu ule kuhusu nani atakuwa mgombea urais wa Marekani, mwenye kura alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa kimya. Alikuwa mama yangu. Wengine walikuwa na maoni, na hesabu, na simu zilizojaa chaji, na mapovu mdomoni. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa na madebe matatu kila Jumapili.

Uraia wa Marekani Mama aliupatia Minnesota, alikokwenda kumlelea kaka yangu wanawe. Alikwenda kwa miezi michache, akakaa mpaka wale watoto wakaota ndevu. Walipoacha kuhitaji mtu wa kuwapokea shuleni, kaka akanipigia simu na kuniambia, kwa upole uliozidi kiasi, kwamba Mama angefaidika na kubadilisha hewa. Hewa ya Queensbury, London! Nikamleta kwangu hata hivyo, maana mama ni mama, na kaka yangu hajui hata kupika wali.

Mimi napiga eksirei hospitalini, zamu za mchana, na wikendi nikizipata sizikatai. Mama alibaki nyumbani na televisheni. Mtu wa kuleta vifurushi akibisha hodi alishikwa mlangoni akaulizwa mamake yuko wapi, na mara ya mwisho alimpigia simu lini. Wakaanza kuviacha vifurushi kizingitini na kutoka mbio. Nilicheka sana nilipogundua. Lakini asubuhi, nikimwacha amekaa tayari amejifunga mtandio vizuri na hakuna mgeni aliyealikwa, nilikuwa naufunga mlango polepole na moyo unaniuma.

Basi siku moja jirani yetu akaja kugomba. Ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, aliyeuza vitambaa kule kisha akauza vitambaa huku mpaka alipostaafu, na ana Kiswahili cha sokoni kilichonyooka kuliko changu. Alikuwa na kesi ya pipa letu la taka, kwamba limesimama mbele ya lango lake. Mama akamwambia asubiri kwanza, kuna mtu anahutubia kwenye televisheni na huenda akampa kura yake.

“Kura gani, Mama?” jirani aliuliza.

“Yangu. Mimi ni raia wa Marekani.”

Niliporudi jioni pipa lilikuwa palepale mbele ya lango, na jirani yuko kwenye kiti changu, kikombe changu mkononi, anamweleza Mama kwa nini Gavana ndiye mtu anayejua biashara.

Majina ya wagombea siyataji, na hata nyumbani kwetu hayakutajwa. Kulikuwa na Gavana, aliyekuwa na pesa na meno mazuri. Kulikuwa na Mwanasheria, mwanamke mwenye majibu ya kila kitu. Na kulikuwa na Mzee, aliyekuwa amegombea mara nyingi na kushindwa mara nyingi, na kila aliposhindwa alionekana kupata nguvu. Wengine walikuwa wasindikizaji.

Rafiki yangu wa kazini, muuguzi, mtu wa Kakamega, alizipata habari za kura kwangu mimi mwenyewe wakati wa chakula cha mchana. Yeye anakaa Peckham, ng'ambo ya pili ya jiji, na miaka yote tuliyojuana alikuwa ananiambia Queensbury ni mbali, iko karibu na Scotland. Jumapili iliyofuata, akitoka kanisani, tukamwona mlangoni na bakuli la kuku. Alituonyesha na risiti ya bucha, tuone kuku ni wa halali. Yeye alikuwa mtu wa Mwanasheria.

Wa tatu alikuwa dereva wa teksi, Mzanzibari, ambaye hushinda kwenye migahawa ya Edgware Road akingoja abiria. Alimrudisha Mama kutoka kliniki ya macho, akashuka akamshika mkono mpaka mlangoni kama alivyofunzwa kwao, akasikia kelele ndani. “Mnabishana nini?” akauliza. Akaambiwa. Akavua viatu. Huyo alikuwa wa Mzee, kufa na kupona.

Sasa, ukitaka kumsikia Mwafrika Mashariki akichambua uchaguzi wa Marekani, lazima ujue kwamba hachambui Marekani. Anachambua kwao. Kila jimbo la kule lilipewa pacha wake nyumbani. Jimbo hili lina wakulima wenye hasira, basi ni Bonde la Ufa. Lile watu wake husoma sana na kudharau wenzao, na hapo muuguzi na jirani walitajiana mikoa wakacheka, nami siitaji, nina marafiki huko. Muuguzi alikuwa na daftari zima la hesabu kichwani: nani atabeba kusini, nani ataachiwa kura na nani.

“Mimi nakuambia huyo Mzee hawezi toboa,” alisema. “Mchujo anaweza shinda, lakini Novemba atapigwa.”

“Kwa nini apigwe?” dereva akang'aka. “Vijana wote wake! Bibi, si unawaona vijana?”

“Vijana wanapiga kelele, hawapigi kura,” jirani alisema. “Hata Kisumu ilikuwa hivyo hivyo. Pesa ya Gavana itafika majimbo yote. Huyu mama wa sheria ni mzuri, lakini watu watasema anafundisha sana. Nani anataka mwalimu tena?”

“Na akishindwa atahamia chama gani?” muuguzi aliuliza, maana kwetu aliyeangushwa kwenye mchujo asubuhi, jioni ana kofia ya rangi nyingine. Nilipomwambia kwamba kule aliyeshindwa humpongeza mshindi na kumfanyia kampeni, alinitazama kwa huruma.

Lakini siku waliyosikia kwamba kuna mahali wapiga kura husimama kwenye pembe za ukumbi, kila kundi na mgombea wake, wakahesabiwa vichwa, jirani na muuguzi waliruka pamoja. “Mlolongo!” Jirani aliukumbuka vizuri mwaka huo wa Kenya ambapo watu walipanga foleni nyuma ya wagombea, na foleni fupi ikatangazwa ndefu. Muuguzi aliyasikia kwa babake. Walitikisa vichwa kwa majonzi, wakiwaonea huruma Wamarekani, na dereva akaona ni nafasi nzuri ya kula sambusa iliyobaki.

Na Mama? Mama alimimina chai. Aliuliza maswali madogo madogo. Kila mmoja akimaliza kumwaga sera, Mama alimwambia, “Inshallah, mwanangu, umesema neno.” Ukiambiwa inshallah na mwanamke wa Mombasa unapaswa kujua kwamba hujapewa kitu. Lakini wote watatu walikwenda zao wakiamini kura iko mfukoni.

Mimi ndiye niliyegundua mchezo, kwa sababu kuta za nyumba yangu ni nyembamba. Jumatatu nilimsikia Mama akimwambia jirani kwa simu kwamba Mzee ameanza kumvutia. Jumanne jirani akaja na chevda, vile vitafunio vya Kihindi, na hoja mpya. Jumatano Mama akamlalamikia dereva kwamba Gavana anazungumza vizuri, na Alhamisi teksi ikasimama mlangoni. Ijumaa ilikuwa zamu ya muuguzi kutiwa wasiwasi. Wiki nzima ilikuwa imegawanywa vizuri, hakuna siku tupu.

Nikamvaa jikoni. “Mama, wawachezea watu wazima! Si uwaambie tu wampenda nani?”

Hakukasirika. Alikuwa anafuta sahani. “N'kishawaambia,” alisema, “watakuja hapa kufuata nini?”

Aliliuliza swali hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza kama maji yamechemka. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Wamarekani walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaongoza, na mama yangu alikuwa anatafuta mtu wa kunywa naye chai, na kura ile ilikuwa kamba aliyowafungia. Tangu siku hiyo nikaacha kumwuliza. Kusema kweli nilianza na mimi kumsaidia: nikimwona muuguzi kazini amejiamini mno, nilimwambia kwamba Mama amekuwa akiusifu ushupavu wa Mzee.

Lakini kila kampeni ina mwisho wake. Chama kilikuwa kimekodi ukumbi katikati ya jiji, Wamarekani waishio London wapige kura zao za mchujo humo kwa siku chache. Mama alizipitisha siku hizo moja moja. Leo mguu unamwuma, kesho mvua. Ilipobaki siku ya mwisho, wale watatu walifanya kikao bila yeye, wakaamua kwamba atasindikizwa.

Niliwaambia ukumbi unafunguliwa adhuhuri. Nilikuwa nimeusoma ujumbe, nikawaonyesha. Muuguzi akasema wanaandika hivyo ili watu wachelewe. “Ukifika saa sita utapata mtu ameshakupigia,” alisema, na jirani akakubali kwa kichwa. Dereva naye alisema kwao watu hulala na kuamkia kituoni. Hivyo tukatoka nyumbani alfajiri, mara baada ya Mama kuswali, watu watano kwenye teksi moja, na chupa za chai, na viti vya kukunja, na sufuria ya pilau kwenye mapaja ya muuguzi. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulipanga foleni nzuri sana mbele ya mlango uliofungwa. Hakukuwa na mtu mwingine yeyote.

Jua likiwa limeshapanda akatokea bwana mmoja na funguo. Akatutazama, akaitazama sufuria, akatuuliza kama sisi ndio tulioajiriwa kuleta chakula. Mama alimwelewa vizuri, Minnesota haikumwacha mtupu. Akamjibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo, akampakulia.

Adhuhuri ikafika. Mama aliingia peke yake na pasipoti yake ya buluu. Sisi tukasimama nje ya dirisha kama mawakala wa vyama, pua tatu zimebandikwa kwenye kioo, na yangu ya nne nyuma yao. Binti mmoja wa kujitolea alimpa karatasi na kalamu, akamwonyesha meza. Mama akakaa. Akavaa miwani. Kisha hakuandika.

“Anafikiri,” dereva alinong'ona.

Aliinua kichwa akatutazama. Alimtazama jirani, akamtazama muuguzi, akamtazama dereva, mmoja baada ya mwingine, muda mrefu, na mimi peke yangu nilijua anawaaga. Nilitamani kuingia nikamwambia akunje karatasi arudi nayo nyumbani. Akainama, akatia alama yake, akaidumbukiza sandukuni haraka kama inamchoma.

Alipotoka muuguzi alimdaka mkono, akaukagua ule wa kushoto, kidole kidogo, akaugeuza kwenye mwanga. “Hana wino!”

“Hana wino?” jirani naye akainama kuona.

“Mama, hawajakupaka? Sasa wewe utasema aje umepiga? Mtu si anaweza rudi akapiga tena!” muuguzi alisema.

Niliwaeleza kwamba hapa hawapaki wino. Hawakunisikia. Jirani aliingia ndani kudai haki ya Mama, akifoka kwa Kiingereza cha mahakamani, na baada ya muda akatoka ametulia, kifuani amebandikwa kijikaratasi kinachotangaza kwamba amepiga kura. Binti wa mle ndani alikuwa amempa ili amnyamazishe. Alikwenda nacho mpaka nyumbani.

Ndani ya gari wakamgeukia Mama. Nani? Walikuwa wamemlisha, wamemsindikiza, wamepigwa na baridi kwa ajili yake. Wana haki ya kujua.

“Kura ni siri,” alisema Mama. Na safari nzima kila mmoja alikuwa akimshuku mwenzake.

Wiki ile simu haikulia. Jumatatu mpaka Ijumaa nilirudi nikamkuta Mama na televisheni, nayo imezimwa. Muuguzi kazini aliniambia yuko bize. Jumamosi habari zikaja kwamba Gavana amejiondoa kinyang'anyironi, na jirani hakufungua mapazia yake kutwa nzima.

Jumapili niliamka nikamkuta Mama jikoni anakanda unga wa chapati. Nilichungulia bakuli. Donge lenyewe lingetosha kwenye kiganja.

“Mbona kidogo hivyo?”

“Kwani twala watu wangapi?” alisema. “Mimi na wewe.”

Nikaosha vikombe viwili. Hapo ndipo kengele ya mlango ilipolia. Alikuwa jirani, macho mekundu, chevda mkononi.

“Mtu wangu ameanguka,” alisema. “Sasa sina mtu wa kuombea kura. Nimekuja chai tu, kama iko.”

Kabla sijamkaribisha, teksi ikasimama kandokando ya pipa. Dereva akazunguka kumfungulia mlango muuguzi, ambaye alikuwa anashuka na bakuli lake huku anamfokea kwamba Mzee hana mpango wowote wa bima ya afya, na kwamba ameyasema hayo tangu Peckham na hajajibiwa. “Hodi!” wakaita kwa pamoja, wakaendelea kubishana. Hakuna aliyeuliza habari za kura.

Nikarudi jikoni. Mama alikuwa amesimama pale pale, mikono ndani ya bakuli, ameinamisha uso nisiuone. Alikuwa amezisikia sauti zote.

“Tia unga,” aliniambia. “Tia mpaka n'kwambie basi.”

Nikatia. Nikaendelea kutia, na hakusema basi mpaka mfuko ukaisha.